Runinga Janja Yako Bado Ina Mipangilio ya Dukani

Ukinunua runinga ya kisasa leo, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, unapewa kioo kizuri kilichopangwa kwa ajili ya mtu mwingine. Rangi zake zimepangwa zing'ae chini ya taa kali za duka. Programu zake zimepangwa kwa faida ya kampuni zilizoziunda. Matumizi yake ya intaneti yanafaa nyumba yenye faiba isiyo na kikomo, wala hayakuifikiria nyumba inayotegemea bando la simu. Kazi inayobaki kwako ni kuipanga upya iendane na sebule yako, umeme wako, watoto wako na mfuko wako. Jioni moja inatosha, fundi hahitajiki, na karibu kila kitu kinafanyika kwa rimoti.

Anza nyuma ya runinga

Kabla ya rimoti, tazama waya. Lalamiko linalosikika kuliko yote ni hili: "Nimenunua Full HD, mbona picha ina ukungu?" Geuza runinga uangalie king'amuzi kimeungwa vipi. Katika nyumba nyingi utakuta zile nyaya tatu za rangi: njano, nyekundu na nyeupe. Wa njano ndio unaobeba picha, na ulitengenezwa kwa ajili ya runinga za chogo. Picha inayopita humo ina mistari 576, ambayo ni sawa na nukta laki nne na ushee. Runinga ya Full HD ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili. Maana yake ni kwamba katika kila nukta tano unazoziona, runinga yako imelazimika kubuni nne.

Nunua waya wa HDMI. Kwa umbali wa mita moja au mbili, wa bei ya kawaida unatosha kabisa. Muuzaji akikwambia ule wa bei mbaya utang'arisha picha ya king'amuzi, muage kwa heshima. Chomeka, kisha bonyeza kitufe cha Source au Input kwenye rimoti ya runinga na uchague tundu ulilotumia. Usiishie hapo. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi chenyewe, utafute ubora wa picha inayotoka. Ukikuta 576, pandisha hadi 1080 kama kinaruhusu. Hapo ndipo utaanza kusoma namba mgongoni mwa beki aliye upande wa pili wa uwanja.

Kuna jambo moja lazima tukubali. Tangu Dar es Salaam ilipozimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015, watu wengi wanaamini kwamba dijitali ndiyo HD. Sivyo. Dijitali ni namna ya kurusha matangazo. HD ni wingi wa nukta zilizomo ndani ya picha. Chaneli ikirushwa kwa ubora wa kawaida, hakuna waya wala runinga itakayoigeuza. Ndiyo maana mechi inaweza kuonekana safi, ukahamia chaneli nyingine ukakuta ukungu. Runinga haina kosa, na fundi usimwite.

Kuhusu 4K, msimamo wangu ni kwamba sebule zetu nyingi haziihitaji bado. Ukikaa mita tatu kutoka kwenye runinga ya inchi 43, jicho lako halitaona tofauti kubwa kati yake na Full HD. Fedha iliyozidi ipeleke kwenye sauti na kwenye kinga ya umeme. Runinga uifunge mahali ambapo, ukiwa umeketi, macho yako yanaangukia katikati ya kioo au juu yake kidogo. Zile zinazopachikwa karibu na dari zinapendeza kwenye baa, lakini nyumbani zitakuumiza shingo.

Picha inayofanana na watu

Kama kila unachobadilisha kinajirudia chenyewe baada ya dakika chache, runinga yako iko kwenye hali ya duka. Tafuta sehemu iliyoandikwa Store, Shop au Retail, na uibadilishe iwe Home.

Kisha subiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku, maana sura ya mtangazaji ndiyo kipimo bora utakachopata. Macho yetu yanaijua rangi ya ngozi ya binadamu kuliko rangi ya kitu kingine chochote. Kwenye hali ya Vivid au Dynamic, ambayo runinga nyingi huonyeshwa nayo dukani, ngozi ya maji ya kunde inageuka nyekundu, na ngozi nyeusi inapoteza mikunjo yake mpaka uso unakuwa kivuli. Hamia Movie, Cinema au Filmmaker. Siku ya kwanza utaona kama picha imefifia na ina umanjano. Ivumilie siku mbili tatu, halafu urudi kwenye Vivid kwa dakika moja tu; hutataka kukaa huko. Punguza pia mwanga wa nyuma, ulioandikwa Backlight, hasa usiku. Macho yatapumzika, na huo mwanga ndio unaokula umeme mwingi zaidi kwenye runinga. Sharpness nayo ishushe. Ukiona mstari mweupe mwembamba umezunguka maandishi, ujue bado imezidi.

Halafu kuna kile kipengele cha kulainisha mwendo. Samsung wamekiita Auto Motion Plus, LG wanakiita TruMotion, Sony Motionflow. Runinga inatengeneza picha za ziada kati ya picha halisi, na matokeo yake filamu nzuri inaonekana kama video ya harusi. Kwa mpira kina faida kidogo, waweza kukiacha kwa kiwango cha chini. Kwa filamu na tamthilia, kizime.

La mwisho hapa ni umbo la picha. Ukiona watu wote wamekuwa wanene na mpira una umbo la yai, picha ya zamani ya 4:3 imevutwa ijaze kioo cha 16:9. Chagua Auto, ukubali zile nguzo nyeusi pembeni. Na kama mstari wa habari unaopita chini ya kioo umekatwa nusu, tafuta Just Scan, Screen Fit au jina la namna hiyo, picha itarudi yote.

Sauti inahitaji maneno machache. Runinga zimekuwa nyembamba, spika zake zimebaki ndogo na nyingi zinaelekea chini au nyuma. Washa hali ya kukuza maneno, ambayo mara nyingi huitwa Clear Voice au Speech. Ukiwa na sabufa, iunge; na kama umeiunga kwa waya wa optiko na haitoi sauti yoyote, badilisha sauti inayotoka iwe PCM.

Umeme ukirudi

Runinga nyingi hufa umeme unaporudi, kuliko unapokatika. Unarudi kwa kishindo, na ile nguvu ya sekunde moja ndiyo inayochoma pawa saplai. Soma kibandiko nyuma ya runinga yako. Kikiandikwa 100–240V, umeme mdogo si tatizo lake kubwa. Adui wake ni ule unaozidi. Kwa hiyo kabla ya kununua stabilaiza kubwa, nunua TV guard yenye uwezo wa kukata umeme ukizidi na kuchelewa dakika chache kabla ya kuurudisha. Ekstensheni ya kawaida yenye matundu mengi haina kinga yoyote, hata kama ina taa nyekundu.

Wakati wa masika, radi inapoanza, chomoa plagi ya runinga pamoja na waya wa antena au dishi. Watu huchomoa umeme wakasahau ule waya unaopanda juu ya paa, na radi haijali imepita njia ipi. Ukiwa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja au Lindi, hewa ya chumvi hula matundu ya nyuma polepole, basi usiiweke runinga ikipigwa moja kwa moja na upepo wa dirishani. Kioo kifute kwa kitambaa laini kikavu kikiwa kimezimwa na kupoa. Dawa ya kusafishia vioo vya madirisha usiipulizie hata kidogo. Inaharibu utando wa juu.

Bando linakwenda wapi

Hapa ndipo nyumba nyingi zinaumia bila kujua. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba ubora wa HD hutumia hadi gigabaiti 3 kwa saa, 4K hadi gigabaiti 7, na ubora wa kati gigabaiti 0.7 hivi. Piga hesabu ya saa mbili kila usiku kwa mwezi mzima: kwa HD ni gigabaiti 180, kwa ubora wa kati ni 42. Familia ileile, tamthilia ileile. Tofauti imetokana na mpangilio mmoja ambao watu wengi hawajawahi kuufungua.

Kwa Netflix, mpangilio huo haupo kwenye runinga. Ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari cha simu au kompyuta, fungua wasifu unaoutumia, tafuta mipangilio ya uchezaji, chagua Medium. Kwenye YouTube, video ikianza, bonyeza alama ya gurudumu la meno, nenda kwenye ubora, chagua 480p. Kwa mahojiano, mawaidha, kwaya au mafunzo ya mapishi, 480p inatosha kabisa. Weka HD kwa kinachostahili.

Yapo matundu mengine yanayovuja. Runinga huanza kucheza video inayofuata bila kuulizwa, na mtoto akilala kwenye kochi itaendelea mpaka alfajiri. Zima Autoplay kila mahali unapoiona, pamoja na vile vionjo vinavyojicheza wakati bado unachagua filamu. Programu hujisasisha zenyewe. Kwenye Android ingia Play Store, uzime usasishaji wa moja kwa moja, halafu uwe unaufanya mwenyewe siku una bando la kutosha. Masasisho ya mfumo wa runinga yenyewe usiyapuuze moja kwa moja, maana huziba mianya ya usalama, ila ujue yanaweza kuwa mamia ya megabaiti. Na ukiwa unatumia hotspot ya simu, izime ukimaliza kutazama. Runinga iliyozimwa kwa rimoti haijalala kabisa. Nyingine huendelea kuwasiliana na intaneti taa yake nyekundu ikiwa inawaka.

Kwa wenye faiba, tatizo huwa ni mahali pa ruta. Imefichwa nyuma ya kabati la chuma, au iko chumba cha tatu, kisha lawama zinaenda kwa kampuni ya intaneti. Full HD inahitaji kasi ya megabiti 5 tu kwa sekunde, na 4K megabiti 15. Kama ruta iko karibu, tumia mtandao wake wa GHz 5. Kama kuna kuta mbili katikati, GHz 2.4 itafika vizuri zaidi. Na kama ruta na runinga ziko chumba kimoja, vuta waya wa mtandao, usahau kukatakata.

Mpira ni suala la peke yake. Matangazo ya intaneti huchelewa nyuma ya yale ya dishi, mara nyingi kwa nusu dakika au zaidi. Simba na Yanga wakicheza, mtaa mzima utashangilia goli wakati wewe bado unatazama kona ikiwekwa. Hakuna mpangilio wa runinga utakaoliondoa hilo kabisa. Kwa mechi kubwa, tumia king'amuzi.

Bibi na rimoti mbili

Runinga nyumbani ni ya wote, na wazee ndio wanaotupwa nje na hizi mpya. Bibi anataka taarifa ya habari. Anabonyeza kitufe chekundu, kinafunguka kioo kimejaa mabango ya filamu za Marekani na Korea, na hajui aende wapi. Baada ya wiki mbili ataacha kuiwasha mpaka mjukuu arudi kutoka shule. Hili halikubaliki, na dawa yake ni rahisi. Runinga nyingi zina mpangilio wa kuwaka zikiwa kwenye chanzo cha mwisho badala ya ukurasa wa mwanzo, uweke huo. Kisha washa HDMI-CEC, inayoitwa Anynet+ kwa Samsung na Simplink kwa LG, ili king'amuzi kinachoikubali na runinga viweze kuwashana na kuzimana. Badilisha pia lugha. Runinga kadhaa za Android zina Kiswahili kwenye orodha. Halafu kaa naye mkono kwa mkono, yeye ndiye ashike rimoti, mpaka azoee vitufe vitatu: kuwasha, sauti, chaneli.

Kwa watoto, weka wasifu wao kwenye kila programu, na wasifu wa watu wazima uufunge kwa namba ya siri. Isiwe 0000 wala mwaka wako wa kuzaliwa, ambao wanaujua. Ondoa kadi ya benki au namba ya malipo kwenye duka la programu la runinga, au uifungie kwa nenosiri kila ununuzi. Watoto wadogo wape YouTube Kids na uiweke waone ulichokiruhusu tu, bila utafutaji. Hata hivyo kinga iliyo bora kuliko zote ni runinga kuwa sebuleni, mahali watu wanapopita. Iliyo chumbani kwa mtoto hakuna namba ya siri itakayoisimamia.

Na tafadhali, ifunge. Runinga bapa ina miguu miwili myembamba, na mtoto wa miaka miwili anayepanda droo za kabati la runinga anaweza kujiangushia kilo kumi na zaidi kichwani. Ipigilie ukutani au uifunge mkanda kwa nyuma. Fanya hivyo leo, kabla hata ya rangi na bando.

Runinga inayokutazama

Runinga janja nyingi zina teknolojia inayotambua kinachopita kwenye kioo: inachukua vipande vya picha au sauti, inavilinganisha na hazina yake, na kujua unatazama nini, hata kama kimetoka kwenye king'amuzi au flashi. Taarifa hizo ni mali kwa watangazaji wa biashara. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushtakiwa na Tume ya Biashara ya nchi hiyo pamoja na jimbo la New Jersey kwa kukusanya taarifa za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, runinga inakuletea kurasa za masharti na kitufe kikubwa cha kukubali yote. Usikikimbilie. Masharti ya matumizi kwa kawaida lazima uyakubali ili programu zake zifanye kazi; ya kufuatilia utazamaji na ya matangazo yanayokulenga kwa kawaida si lazima. Kama ulishakubali, rudi: kwa Samsung tafuta Viewing Information Services, kwa LG tafuta Live Plus, kwa nyingine pekua sehemu ya faragha na uzime kila kinachotaja matangazo au takwimu za matumizi. Kama hutumii amri za sauti, zima maikrofoni. Sheria zipo upande wako: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, zote zikitaka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa nini. Lakini kitufe kilicho mkononi mwako kinafanya kazi haraka kuliko sheria yoyote.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye vile viboksi vya Android vya bei poa, vinavyoahidi chaneli zote za dunia bure. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa uhalifu uliovamia mamilioni ya vifaa vya aina hiyo, vingine vikiwa na programu hasidi tangu kabla havijauzwa. Kifaa kinafanya kazi kama kawaida huku wahalifu wakitumia intaneti ya nyumba yako kwa mambo yao. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akiwashe, ufungue Play Store, uingie kwenye mipangilio yake na utazame kama kimethibitishwa na Play Protect. Kisichokuwa na Play Store, au kinachokutaka uzime ulinzi ndipo programu zake ziingie, kirudishe mezani.

Ikizeeka

Sehemu ya ujanja huzeeka kabla ya kioo. Tarehe 1 Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za zamani za Samsung na Vizio, ambazo vioo vyake vilikuwa vizima. Hilo likikufika, usinunue runinga nyingine. Chomeka kifaa kidogo cha HDMI kilichothibitishwa, na kioo chako kitaishi miaka mingine. Ndiyo sababu unaponunua, lipia kioo kizuri, matundu ya kutosha ya HDMI na dhamana ya kueleweka, kuliko wingi wa programu ambazo hutazifungua.

Na siku utakapoiuza, kuigawa au kuipeleka kwa fundi ikiwa bado inawaka, irudishe kwanza kwenye hali ya kiwandani kwa Factory Reset. Ikiwa haiwaki, ingia kwa simu kwenye akaunti zako za Google, Netflix na nyinginezo, uiondoe kwenye orodha ya vifaa. Humo ndani mna barua pepe yako, nenosiri la Wi-Fi yako na historia ya kila kilichotazamwa nyumbani kwako. Usimkabidhi mtu mwingine.